Mashindano Mawili, Kadi Moja: Tathmini ya Aramco Team Series

Ubao wa matokeo ndio unaomchanganya mtazamaji mgeni. Kuna orodha ya wachezaji na kuna orodha ya timu zenye majina ya manahodha, na anayeng'ara huku anaweza kuwa mkiani kule. Mitambo haijakosea. Aramco Team Series, mfululizo wa gofu ya wanawake ulioanza Novemba 2020 kwenye uwanja wa Royal Greens, Saudi Arabia, chini ya Ladies European Tour, ligi ya wanawake wa kulipwa ya Ulaya, uliendesha mashindano mawili kwa mpigo. Muundo ninaoutathmini hapa ni wa misimu ya jina hilo, kabla ya 2025. Kila mkwaju wa mchezaji wa kulipwa unaingia kwenye hesabu yake mwenyewe, na unaweza kuingia pia kwenye hesabu ya timu.

Mpangilio wenyewe hauna ugumu. Timu ni 36, kila moja ina watu wanne: watatu wa kulipwa na mmoja wa ridhaa. Nahodha humchagua mwenzake mmoja kabla ya mashindano, wa pili humpata kwa bahati ya droo. Wa kulipwa ni 108 kwa jumla, na wanacheza siku tatu, mashimo 54. Timu hushindana siku mbili za kwanza tu, mashimo 36. Baada ya hapo unapita mchujo, wanabaki 60 bora pamoja na waliolingana na wa 60, na siku ya tatu kila mtu na lwake. Katika misimu ya 2022 na 2023 kila kituo, yaani kila shindano la mfululizo, kilikuwa na dola milioni moja, nusu ya timu na nusu ya wachezaji binafsi. Bingwa binafsi alichukua asilimia 15 ya nusu yake, yaani dola 75,000.

Utamu uko kwenye kuhesabu. Chukua shimo la pa 5, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitano. Wa kulipwa wamemaliza kwa mikwaju 4, 5 na 6. Wa ridhaa kapiga 5, lakini handikapu yake, nafuu anayopewa kulingana na uwezo wake, inampa mkwaju mmoja wa nafuu kwenye shimo hilo, kwa hiyo anaandikiwa 4. Timu inachukua alama mbili bora, yaani zilizo ndogo kuliko zote: 4 na 4, jumla 8, dhidi ya pa ya timu ambayo ni 10. Wameshuka mikwaju miwili kwa shimo moja, na yule aliyepiga 6 hajaigharimu timu chochote. Kadi yake mwenyewe ndiyo inayolia. Kwa hesabu hiyo, uwanja wa pa 72 unakuwa na pa ya timu ya 144 kwa siku, 288 kwa siku mbili. Kwa hiyo timu ikiwa mikwaju 15 chini ya pa baada ya siku ya kwanza, usiisome kana kwamba ni alama za mtu mmoja.

Sasa njoo kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Mpira uko mita sita juu ya shimo, nyasi zinateremka. Timu tayari ina 4 na 5 mkononi. Huyu wa mwisho akiingiza anapata 4, timu inashuka mkwaju mmoja zaidi. Akiusukuma kwa nguvu na kukosa, mpira utapita shimo mita mbili na huenda akahitaji mikwaju miwili tena. Kwa timu hakuna hasara. Kwa kadi yake, mkwaju huo mmoja unaweza kumwacha nje ya 60 bora. Kwenye mashindano ya timu tupu kama Solheim Cup, wanawake wa Ulaya dhidi ya Marekani, mwenzako akishaweka alama salama wewe unashambulia bila kufikiri. Hapa unafikiri, na hilo ndilo linaloutofautisha mfululizo huu na mashindano ya aina hiyo. Siku ya pili mchana utawaona walioshakata tamaa ya kupita mchujo ndio wanaocheza kwa uhuru, wakisukuma kila mpira shimoni kwa ajili ya wenzao.

Jambo ambalo hata watangazaji hulipita haraka: wenzake hao wa timu hawana ruhusa ya kumshauri mchezaji. Kanuni ya 24.4c ya gofu inakataza ushauri kati ya wanatimu wanaocheza raundi moja uwanjani, na msamaha wake unahusu mashindano ambayo alama za mchezaji ni za timu peke yake. Hapa alama ni zake pia, kwa hiyo akitaka kujua mpira utakata upande gani, anamuuliza kedi wake, yule anayembebea mfuko. Vilevile mkikubaliana kuuacha mpira wa mmoja karibu na shimo ili umsaidie mwingine, naye akapiga wake huku ule wa kwanza ukiwa bado pale, adhabu ni mikwaju miwili. Timu, ndiyo, lakini kila mmoja na mdomo wake.

Kituo kilichoonyesha muundo huu vizuri kuliko vyote ni Sotogrande, Hispania, 2022. Jessica Korda alifungua kwa mikwaju 61, timu yake ikatwaa taji baada ya siku mbili, na yeye akaingia siku ya tatu akiongoza orodha ya binafsi. Aliyempokonya ni mdogo wake, Nelly, kwa tofauti ya mikwaju mitatu. Dada kaondoka na kombe la pamoja, mdogo mtu na la peke yake. Jeddah mwaka huohuo, Chiara Noja akiwa na miaka 16 alimshinda Charley Hull kwenye mashimo ya nyongeza. Na Riyadh 2023 Alison Lee alipiga 61, 61 na 65, jumla 187, mikwaju 29 chini ya pa.

Mfano wa Lee ndio unaofichua udhaifu pia. Siku ya tatu timu hazipo tena. Kombe la pamoja limeshatolewa, wa ridhaa wameshaweka mifuko yao chini, na mtu akikimbia mbele kama Lee, hakuna hadithi ya pili ya kumshika mtazamaji. Timu zingehesabiwa mpaka shimo la 54, hata kwa wachezaji waliopita mchujo tu, siku ya mwisho ingekuwa na moto wake. Kasoro nyingine ni kwamba timu huvunjwa kila kituo. Mshabiki hawezi kununua kofia ya timu ambayo wiki ijayo haipo.

Wa ridhaa wanaleta burudani na wanaleta uchelewaji. Vikundi 36 vya watu wanne kwenye mashimo 18 maana yake, wakianza wote kwa pamoja, ni vikundi viwili kwa kila shimo. Mmoja akipoteza mpira kwenye nyasi ndefu, foleni inarudi nyuma mashimo matatu. Dawa yake inajulikana: wa ridhaa ambaye hawezi tena kuingia kwenye alama mbili bora anaokota mpira wake mara moja. Asipookota, wanaoumia ni wa kulipwa, waliosimama dakika kumi huku miili ikipoa.

Anayepanga kwenda kutazama kituo cha London ajue kwamba Centurion Club, uwanja ulioandaa kituo hicho, haiko London. Iko karibu na St Albans, Hertfordshire. Nenda siku ya pili, si ya tatu. Kaa kwenye grini ya pa 5, ambako mkwaju wa nafuu wa wa ridhaa hugeuza alama za timu.

Fedha zinatoka Saudia (Aramco ni kampuni ya mafuta ya huko), na lawama juu ya hilo hazikuanza leo. Mchezaji wa Uingereza, Meghan MacLaren, aligoma kwenda kwenye mashindano ya kwanza ya wanawake huko mwaka 2020. Tangu 2025 mfululizo unaitwa PIF Global Series, kwa jina la mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, na mwenye mfuko ni yuleyule.

Afrika Mashariki tumeiona Ladies European Tour pale Vipingo Ridge, Kilifi, kwenye Magical Kenya Ladies Open, lakini hayo yalikuwa ya mtu mmoja mmoja. Klabu inayotaka kuiga muundo wa timu ianzie kwenye handikapu, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mfumo wa dunia wa handikapu unapendekeza asilimia 85 kwa alama mbili bora kati ya nne. Mwenye 18 anabaki na 15, na nafuu yake inaangukia mashimo yenye namba za ugumu 1 hadi 15. Mkimwachia 18 zote, mtu wa ridhaa atawashinda wa kulipwa wawili peke yake, na kabla ya chakula cha jioni kamati itakuwa imeshaitwa majina yote. Wekeni nukta kwenye kadi, kabla ya raundi, kwenye kila shimo analopata mkwaju, na mpeni karani mmoja tu wa kila kikundi kazi ya kujumlisha alama za timu.