Safari ya mbugani: mwezi upi ununue, na upi uuache

Ikifika Mei simu yangu hujaa swali lile lile: "Kaka, mwezi gani mzuri kwenda Serengeti?" Nami hujibu kwa swali: unataka kuona nini, na mfuko unaruhusu nini? Muuzaji wa safari atakutajia Agosti kabla hujamaliza kuuliza, maana Agosti inajiuza yenyewe. Lakini mwezi peke yake haununuliki. Unanunuliwa pamoja na mahali, na ukikosea mahali, hata mwezi bora utaishia kula vumbi na kupiga picha za swala walio mbali.

Mwenye amri porini ni mvua. Ikinyesha, kila dimbwi lina maji na nyasi zinafika kiunoni, kwa hiyo wanyama hutawanyika wanavyotaka. Kiangazi kikikaza, majani hupukutika, madimbwi hukauka, na kila mwenye kiu hurudi mtoni. Kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya vuli hunyesha kama Novemba na Desemba, masika kuanzia Machi mpaka Mei. Katikati yake kuna kiangazi kirefu, Juni hadi Oktoba, na kile kifupi cha Januari na Februari. Mpangilio wangu ni huu, na najua wapo madereva watakaoubishia.

1. Septemba na Oktoba

Hapa ndipo ningeweka fedha yangu kama ningekuwa na safari moja tu. Tarangire wakati huu ni kitu kingine. Maji yamebaki mtoni na kwenye sehemu chache tu, na tembo hushuka kwa makundi kutoka kwenye mibuyu. Oktoba moja tulizima gari ukingoni saa nne asubuhi. Tembo jike alikuwa anachimba shimo kwenye mchanga mkavu wa mto, anachota kwa mkonga na kumwaga pembeni, kisha akatulia kungoja maji yajichuje. Alipoanza kunywa, ndama wake akaona kungoja zamu ni upuuzi, akaingiza kichwa chote shimoni. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa na hakuna gari lingine lililotokea.

Ruaha inakwenda kwa mtindo huo huo. Katavi, kwa atakayefika huko mbali, viboko hubanana kwenye madimbwi ya mwisho ya Mto Katuma mpaka unashindwa kujua mgongo huu ni wa nani. Nyumbu nao, wanaohama kila mwaka wakifuata mvua na nyasi, bado wako kaskazini mwa Serengeti na Maasai Mara, wakivuka Mto Mara huku na huko, wakati shule za Ulaya zimeshafunguliwa na magari yamepungua.

Ubaya wake? Vumbi, joto, na mandhari yaliyokauka rangi ya mkate. Na mbung'o, hasa Tarangire na Katavi. Acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani. Rangi hizo huwaita.

2. Mwisho wa Januari na Februari yote

Nyumbu wanakuwa kusini, kwenye nyanda za nyasi fupi za Ndutu. Ardhi ile imejengwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na nyasi zake zina madini ambayo nyumbu mwenye ndama anayahitaji. Wengi huzaa ndani ya wiki chache, Februari ndiyo kilele. Ndama anaanguka chini akiwa amelowa, anajaribu kusimama, anapiga magoti, anajaribu tena, na dakika chache baadaye anakimbia nyuma ya mama yake. Hana muda wa kujifunza taratibu, kwa sababu duma, simba na fisi wameshafika.

Kwa mtu anayependa wanyama wawindaji naiweka sawa na Oktoba. Kilichoishusha ni mpaka. Sehemu kubwa ya Ndutu iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na ukivuka kuingia Serengeti unalipa ada nyingine. Upande wa Ngorongoro gari linaruhusiwa kuacha barabara na kumsogelea mnyama. Upande wa Serengeti hairuhusiwi. Muulize muuzaji siku zako zitakuwa upande gani. Akibabaika, hajapanga.

3. Juni

Mwezi unaodharauliwa. Masika yameondoka, vumbi halijaja, milima inaonekana, na nyumbu wako njiani kupitia ukanda wa magharibi kuelekea Mto Grumeti. Nyasi bado ndefu sehemu nyingi, kwa hiyo chui atakupita ukimwangalia. Nusu ya kwanza ya mwezi huwa rahisi kupata nafasi kuliko nusu ya pili. Kama unakwenda na watoto wanaosinzia kwenye joto, Juni inawafaa kuliko Oktoba.

4. Julai na Agosti

Najua. Ndiyo miezi iliyoko kwenye kila kalenda ya kampuni za utalii, nami naiweka ya nne. Wanyama wapo, hilo sibishi. Tatizo ni sisi tunaokwenda kuwaona.

Kuvuka Mto Mara hakuna ratiba. Agosti moja tulifika Kogatende alfajiri, tukapanga foleni na magari ambayo niliacha kuyahesabu yalipopita arobaini. Nyumbu walijaa ukingoni, wa mbele akashuka mpaka maji yakamgusa kwato, akanusa, akageuka. Kundi zima likageuka naye. Saa nane mchana walikuwa wanakula nyasi kana kwamba mto haupo, na sisi tulikuwa tumemaliza mayai ya kuchemsha na maji. Wageni wa gari la jirani, waliokuwa na siku moja tu, waliondoka wamenuna. Waliobaki siku tatu waliona.

Kwa hiyo ukinunua Agosti, nunua usiku tatu kaskazini, au usinunue kabisa. Na angalia kambi iko wapi. Hoteli ya Seronera, katikati ya Serengeti, ni mwendo wa saa kadhaa mpaka mtoni. Kwenda na kurudi siku imekwisha. Kambi za mahema zinazohamahama ndizo zenye akili hapa, maana hukaa Ndutu miezi ya mwanzo wa mwaka na kuhamia karibu na Mto Mara kiangazi. Upande wa Kenya bei yenyewe inakuambia msimu: tangu 2024 mgeni wa nje analipa ada ya dola 100 kwa siku kuingia Maasai Mara kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Halafu chukua sweta zito. Ukingo wa Ngorongoro una mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na asubuhi ya Julai pale watu husimama wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili.

5. Novemba mpaka kabla ya Krismasi

Vuli ni mvua ya adabu kidogo: inapiga alasiri, inaondoka. Bei hushuka, ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia wameshafika, na nyumbu wanarudi kusini. Ni kamari, lakini ya gharama ndogo. Wiki ya Krismasi yenyewe iondoe kwenye hesabu, bei hupanda kama Agosti.

6. Aprili na Mei

Ya mwisho, na sababu ni udongo. Ule mweusi wa mbuga ukilowa hauna tofauti na sabuni, na gari likinasa hapo utalijua koleo vizuri. Baadhi ya kambi hufungwa kabisa. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo ndani ya Maasai Mara na wageni wakalazimika kuokolewa kambini. Hata hivyo Bonde la Ngorongoro halina wanyama wa msimu kiasi hicho. Wengi wao hukaa mle mwaka mzima, na Aprili unaweza kulipata ukiwa na magari machache sana. Kitulo nayo, hifadhi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania inayoitwa Bustani ya Mungu, huchanua maua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Huko hutafuti simba.

Ukivuka kwenda kusini mwa bara

Usibebe kalenda hii. Kule mvua ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Machi, na kambi nyingi za Luangwa Kusini, Zambia, hufungwa wakati huo. Kruger, Afrika Kusini, ni nzuri Mei hadi Septemba. Okavango, Botswana, ndiyo inayochanganya watu: mafuriko yake hufika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa maji yananyesha kwenye nyanda za juu za Angola na kutumia miezi kusafiri. Ukienda kwa ajili ya mtumbwi wakati wa mvua za huko huko, umefika mapema.

Kabla ya kutuma malipo ya awali

Omba jina la kila kambi na uitafute kwenye ramani mwenyewe. Uliza gari ni lenu peke yenu au mtachanganywa na wengine. Raia wa Afrika Mashariki hakikisha bei uliyopewa imehesabiwa kwa ada za raia, zinazolipwa kwa shilingi na ni ndogo mno kuliko za wageni. Nimeona mtu akiuziwa kifurushi cha bei ya mgeni huku kitambulisho kiko mfukoni.

Uliza pia mtaingia getini saa ngapi. Kibali cha hifadhi za taifa Tanzania, kwa anayelala ndani, huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa sita mchana, kesho yake saa sita uwe umetoka. Dereva mwenye mpango huingia mchana ili mpate jioni moja na asubuhi moja kwa ada hiyo hiyo; asiye na mpango atawaingiza alfajiri, mlale ndani, na siku ya pili mlipe upya kwa ajili ya kunywa chai na kufunga mabegi.