Melitini kavu katika unyevu wa Mombasa: uzoefu wangu

Nimeitumia bidhaa hii miezi mitano kabla ya kuiandikia, kwa sababu mara ya kwanza niliilaumu kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Ni melitini, peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) iliyo kuu katika sumu ya nyuki, iliyoundwa maabarani na kuuzwa ikiwa unga uliokaushwa kwa kugandishwa. Ina asidi amino 26 na uzito wa molekuli wa takriban 2,846. Tuliagiza vichupa 3 vya miligramu 1 kila kimoja, kwa ajili ya mwanafunzi wetu wa uzamili anayepima dondoo za mimea dhidi ya bakteria. Melitini hupasua utando wa seli, hata chembe nyekundu za damu, kwa hiyo yeye huitumia kama kigezo cha kulinganishia. Ni kitu cha maabara tu, si dawa, na hapa kwetu hakifunguliwi bila glavu na miwani.

Mzigo ulitua Nairobi kwa ndege, ukaja Mombasa kwa basi, na ulikaa njiani siku nne bila barafu. Mwanafunzi alikuwa tayari kuurudisha. Nilimwomba atulie: peptidi ikiwa kavu na kichupa kimefungwa barabara, siku chache za joto la njiani huzivumilia. Adui wake mkubwa ni maji. Tuliviweka vichupa moja kwa moja kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo muuzaji sina la kumlaumu.

Kosa lilikuja siku ya kufungua. Karatasi ya maelekezo ilisema mstari mmoja tu: acha kichupa kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua. Haikusema kwa nini, wala kwa muda gani. Nilikitoa kwenye friza, nikasubiri kama dakika tano, nikafungua. Mzee wetu wa maabara alikuwa nyuma yangu.

“Mwanangu, gilasi ya maji ya friji hapa kwetu hutoa jasho kabla hujaifikisha mdomoni,” aliniambia. “Na hicho ulichokifungua ni baridi kuliko gilasi.”

Alikuwa na haki. Hewa ya hapa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na siku ile ilikuwa katikati ya masika. Ule unga uliokuwa kama kipande cha pamba nyeupe ulinywea mbele ya macho yangu, ukanata ukutani mwa kichupa kama sukari iliyoachwa wazi jikoni. Uliyeyuka vizuri majini, lakini hifadhi ya muda mrefu kama unga mkavu ndiyo ilikuwa imekwisha. Ilibidi tukitumie kichupa kizima wakati huohuo.

Na hapo likazuka la pili. Mwanafunzi alitaka myeyusho wenye nguvu ya milimola 1 kwa lita, akagawanya miligramu 1 kwa uzito wa molekuli, akapata mikrolita 351 za maji. Melitini ina triptofani moja, asidi amino inayofyonza mwanga, kwa hiyo nguvu ya myeyusho huweza kukaguliwa kwa mwanga wa nanomita 280. Tuliupunguza mara 20 tukitarajia ufyonzaji wa mwanga wa 0.275, mashine ikasoma karibu 0.22. Tukashuku mashine, tukashuku pipeti, mimi nikamshuku muuzaji. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia barua ya malalamiko nilipokisoma tena cheti cha bidhaa. Usafi, asilimia 98. Mstari wa chini yake: kiasi halisi cha peptidi, asilimia 80.

Hivi ni vitu viwili tofauti, na naomba kila anayeagiza peptidi avitenganishe kichwani. Usafi unakwambia kwamba katika peptidi zote zilizomo, 98 kati ya 100 ndizo ulizoagiza. Hausemi lolote juu ya maji na chumvi zilizobaki kutoka kwenye utengenezaji, nazo zimo ndani ya ule uzito wa miligramu 1. Peptidi yenyewe ilikuwa miligramu 0.8, na maji yaliyotakiwa yalikuwa mikrolita 281. Barua niliifuta. Ila namba inayobadilisha hesabu yote haifai kuandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote kwenye cheti.

Kichupa cha pili nilikifungua nilivyopaswa tangu mwanzo. Nilikitoa kwenye friza kikiwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye vifuko vya silika, kazi ileile ya punje za mchele ambazo kila nyumba ya Pwani hutia kwenye chumvi. Kikakaa mezani saa nzima. Nikakizungusha kidogo kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, ili unga ushuke chini, maana mwingine huwa umeshikilia kifunikoni na macho hayauoni. Nikatia mikrolita 281 za maji safi yasiyo na vijidudu, taratibu, bila kutikisa kwa nguvu. Kisha nikagawa mikrolita 20 kwenye kila mrija, ile mirija ya plastiki isiyonasa protini, nikapata mirija 14. Kila mmoja hutumika siku moja na kinachobaki hutupwa. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huharibu peptidi, na mirija ni rahisi kuliko peptidi. Safari hii mashine ilisoma 0.27.

Melitini ina chaji chanya nyingi, ndiyo maana maji yanatosha. Peptidi zenye asidi nyingi hutaka tone la amonia hafifu, na zinazokimbia maji huanzwa kwa DMSO kidogo, kiyeyushi cha maabara. Zikiwa na sisteini au methionini, asidi amino zenye salfa, hiyo DMSO iepuke, kwa sababu huzioksidisha.

Friza nayo ina habari yake. Tuliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya nyumbani, ya aina inayojiyeyushia barafu yenyewe. Ni nzuri kwa samaki, mbaya kwa peptidi, kwa sababu hupandisha joto kila baada ya muda ili kuondoa barafu ukutani. Tulihamia ya kawaida inayoyeyushwa kwa mkono. Mirija tumeizungushia pakiti za barafu, na kipimajoto kimening'inia nje ya mlango. Umeme ulipokatika saa saba mfululizo, tulichofanya ni kutoufungua mlango. Kipimajoto kilifika nyuzi 11 chini ya sifuri, hakikupanda zaidi.

Kwa bidhaa yenyewe natoa nyota 5 kati ya 5. Imefanya kazi sawasawa kila mrija, na matokeo ya mwanafunzi sasa yanarudiana wiki baada ya wiki. Kwa maelekezo natoa 2, kwa sababu yameandikwa kwa mtu anayeishi kwenye hewa kavu. Nimemwandikia muuzaji aongeze muda wa kusubiri na sababu yake, akajibu siku ya pili kwamba ataliangalia.

Agizo lijalo nimeomba vichupa 6 vya miligramu 0.5 badala ya 3 vya miligramu 1. Bei imepanda kidogo, na nimekubali.