Uzoefu wangu na sahani za agari ya kiini cha yai kutoka kiwandani

Kwa miaka kadhaa sahani hizi za kuoteshea bakteria tulizitayarisha wenyewe maabarani: tunasafisha mayai kwa spiriti, tunatenganisha kiini na ute, kisha tunakichanganya na agari (rojo inayoganda, ambayo bakteria huota juu yake) iliyopoa hadi kama nyuzi 50, kwa sababu ikiwa moto kupita kiasi kiini huiva, na ikipoa zaidi huganda kabla hujaimimina. Tulipoanza kununua sahani zilizo tayari, nilitaka kujua jambo moja tu: je, zinaonyesha lipasi, yaani kimeng'enya cha kuvunja mafuta, ya bakteria wasiohitaji oksijeni waziwazi kama zile zetu?

Zinaonyesha, mradi anayesoma sahani ajue anachotafuta. Lipasi huvunja mafuta ya kiini na kuacha asidi za mafuta zisizoyeyuka, nazo hufanya utando wenye mng'ao wa rangi nyingi juu ya koloni (kundi la bakteria walioota pamoja) na pembeni yake, mfano wa mafuta ya taa yaliyomwagika dimbwini. Ukiitazama sahani kutoka juu, mng'ao huo unaweza kukupita. Ondoa kifuniko, uinamishe kwenye mwanga. Usiuchanganye na weupe mzito unaoenea ndani ya agari kuzunguka koloni, kwani hiyo ni kazi ya lesithinasi, kimeng'enya kingine. Kila boksi jipya mimi hulipima kwa bakteria wawili wanaojulikana: Clostridium sporogenes, ambaye hutoa mng'ao, pamoja na Clostridium perfringens, ambaye hutoa weupe bila mng'ao, na boksi zote nne nilizotumia zimefaulu.

Lawama yangu ya kwanza ni karatasi ya maelekezo, inayotaka majibu yasomwe baada ya saa 48 na kuishia hapo. Bakteria Fusobacterium necrophorum tuliyemwotesha kutoka kwenye usaha wa koo alikuwa na mng'ao hafifu mno siku ya pili, ukawa dhahiri siku ya nne. Sasa huotesha sahani mbili, moja ikibaki ndani ya mtungi usiopitisha hewa hadi siku ya saba kabla sijaandika kwamba lipasi haipo. Ya pili ni unyevu: boksi la tatu lilifika na matone juu ya agari, koloni za sporogenes zikatambaa sahani nzima, nikalazimika kukausha zilizobaki.

Kwa sampuli za wagonjwa nitaendelea kuzinunua. Kwa mafunzo ya wanafunzi nimerudi kwenye mayai.