Santuri za Ndugu Wawili wa Mizell: Uanze na Ipi?

Kama mfuko unaruhusu santuri moja tu ya kazi za Larry na Fonce Mizell, ndugu wa Kimarekani waliotayarisha albamu za jazi za wasanii wengine, nunua Places and Spaces ya mpiga tarumbeta Donald Byrd, ya mwaka 1975. Najua wengi watakutuma kwanza kwenye Black Byrd ya 1973, iliyoipa kampuni ya Blue Note mauzo ambayo haikuwahi kuyaona. Heshima yake ipo, nami naiweka ya nne. Mle ndugu hawa walikuwa bado wanaonja chumvi. Kufika 1975 chakula kimeiva.

Sikiliza "Wind Parade". Besi inatembea bila haraka, fidla zinapanda taratibu, sauti zinaitikia kwa pamoja kama watu waliokaa barazani jioni, na tarumbeta ya Byrd inasema machache ikanyamaza. Kila kitu kina nafasi yake. Larry alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Howard, ambako Byrd alikuwa mwalimu, kisha akafanya kazi kwenye chombo cha Apollo cha kutua mwezini. Fonce naye alikuwa kampuni ya muziki ya Motown, katika kundi lililotunga nyimbo za mwanzo za Jackson 5. Ukilijua hilo, unasikia mhandisi na mtunzi wa nyimbo za kuimbika wakifanya kazi bega kwa bega.

Ya pili ni Blacks and Blues ya Bobbi Humphrey, na siku nyingine naipenda kuliko hiyo ya kwanza. Filimbi yake kwenye "Harlem River Drive" inateleza juu ya ngoma za Harvey Mason, nyepesi kabisa. Ukitaka kumpa zawadi mtu anayedai jazi ni ngumu, mpe hii.

Ya tatu, Gears ya Johnny Hammond, pia ya 1975, ni ya wanaopenda kucheza. Music Is My Sanctuary ya Gary Bartz (1977) naiweka ya tano: wimbo uliobeba jina la albamu ni mtamu sana, zilizobaki zinaweza kusubiri.

Sasa, chapa ya zamani, yaani nakala iliyotolewa enzi hizo, au mpya? Chukua mpya, isipokuwa umeisikiliza ya zamani kwa masikio yako. Niliwahi kulipia chapa ya kwanza ya Places and Spaces, yenye namba BN-LA549-G, kwa sababu ilimeremeta chini ya taa. Nyumbani, kila fidla zilipopanda, ikachachatika kama mafuta kikaangoni. Sindano mbovu ilikuwa imeshaila mifereji, na uharibifu huo hauonekani kirahisi kwa macho. Mwombe muuzaji aweke sindano kwenye "Dominoes", wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Karibu na katikati ya sahani ndiko uchakavu hujitokeza mapema. Fidla zikikwaruza hapo, irudishe kwenye jalada lake.