Kliniki ya methadoni Dar: dawa naipa tano, ratiba naipa mbili

Wadau kila siku naona mtu anauliza hivi methadoni, ile dawa wanayopewa watumiaji wa heroini (unga) ili waache, inasaidia kweli au ni kutoka unga kwenda unga mwingine. Mimi nasema nilichokiona kwa mdogo wangu, anakunywa kwenye kliniki moja ya serikali hapa Dar, jina naliacha.

Kwanza ni bure, gharama yenu ni nauli tu. Tulipoulizia soba hausi, zile nyumba za kukaa mtu anayeacha unga, tukatajiwa hela ya mwezi ambayo kwetu sisi ndo kodi ya nyumba. Ila huendi tu dirishani ukasema nipeni, mnaanzia kwa wale waelimishaji wanaozunguka maskani, wanamwandikisha, anapimwa mkojo waone kama kweli anatumia, af wanampima na VVU, TB na homa ya ini. Hapo niliwapenda, maana Dar hii hii miaka ya 2000 kulikuwa na mchezo wa mtu kujidunga, anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzie asiye na hela ajidunge ile damu ili naye apoze arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga. Sasa mtu katoka huko unampaje dawa bila kumpima?

Dawa yenyewe ni ya maji, anamiminiwa kwenye kikombe kidogo anakunywa palepale mbele ya mhudumu, akimaliza anaongeleshwa na kupewa maji, kwasababu wapo wanaoibana mdomoni wakaiuze nje. Wanaanza na dozi ndogo wanapandisha taratibu kwahiyo siku za mwanzo arosto bado inamsumbua, na hapo ndo wengi wanakimbia, msimwache peke yake. Dozi ikishamkaa, yaani mpaka kesho yake yupo fresh, anakula, analala, anacheka. Tivii siku hizi inalala sebuleni.

Kwa wanaosema ni unga mwingine, unga aliusaka mara tatu nne kwa siku na hela anajua yeye alikoitoa. Hii ni mara moja, na mwili ukishazoea haimleweshi.

Sasa ratiba. Ni kila siku, jumapili umo, Idi umo, Krismasi umo. Kapata kibarua cha ujenzi, fundi anataka watu saa moja asubuhi wawe saiti, dogo yupo kwenye foleni Mungu anajua itasogea saa ngapi, kibarua kikaenda. Akikosa siku kadhaa mfululizo anashushwa dozi aanze kupanda upya, ndo maana tulivyofiwa kijijini yeye alibaki Dar peke yake. Wale waliotulia muda mrefu si wapewe za kuondoka nazo, mbona Uingereza mtu akishaaminika anapewa anaenda kunywea kwake? Tunataka afanye kazi af tunamfunga kamba mguuni.

Na polisi jamani. Kuna siku katoka kunywa kasombwa njiani na wenzie, kadi ya kliniki anayo mfukoni, hakuna aliyetaka kuiona, kalala ndani na dozi ya kesho yake ikampita. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyoundwa na sheria ya 2015 ndo hiyo hiyo inayoratibu hizi kliniki, tangu Muhimbili walipofungua ya kwanza 2011 zimefika mpaka Mbeya, Mwanza na Dodoma, kazi nzuri kabisa. Lakini serikali ikimpa dawa asubuhi mchana ikamtupa lokapu, hiyo hela ya dawa inapotea bure.

Wahudumu wa dirishani wana roho nzuri, wanamjua mpaka jina. Mlinzi wa getini sifuri, anawafokea watu wazima kama mbuzi.

Mkimpeleka wenu nendeni asubuhi mapema, na nauli ya kurudi kaa nayo wewe.