Kununua Beaujolais: Chupa ya Kuanza Nayo na Zinazofuata

Kwa mtu anayependa mvinyo mwekundu lakini hapendi ukakasi unaokausha ulimi, sioni eneo la Ufaransa linalomfaa kuliko Beaujolais, vilima vilivyo kaskazini ya jiji la Lyon. Karibu mvinyo mwekundu wote wa huko hutokana na zabibu moja, Gamay, ambayo mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe katika ardhi yake. Kwenye miamba ya matale ya Beaujolais zabibu hiyohiyo imestawi vizuri. Vichala huingizwa vizima ndani ya chombo, bila kupondwa, na uchachukaji huanzia ndani ya punje. Ndiyo maana mvinyo hutoka na harufu nzito ya matunda na ukakasi mdogo.

Kabla ya kulipa, soma lebo kwa makini. Wanunuzi wengi hutafuta neno Beaujolais lililoandikwa kwa herufi kubwa, ilhali mivinyo bora ya eneo hilo, inayotoka katika sehemu 10 ziitwazo kru, mara nyingi hubeba jina la sehemu yake tu.

Ya kwanza kwangu ni Morgon, mojawapo ya kru hizo. Ina ladha ya cheri zilizoiva sana, ina uzito wa kutosha mdomoni kukabili chakula kizito, na chupa nzuri, hasa ya kutoka mlima wa Côte du Py, huweza kuhifadhiwa miaka mitano au zaidi ikazidi kupata utulivu. Hii ndiyo ningeifungua mezani palipo na jogoo aliyepikwa polepole ndani ya mvinyo pamoja na uyoga na vitunguu, kwa kuwa uchachu wake hukata mafuta ya mchuzi bila kuufunika. Hufaa pia bata wa kuokwa.

Fleurie, kru nyingine, ni ya pili. Harufu yake hukumbusha maua, na wepesi wake unaiheshimu nyama nyeupe: kuku wa Bresse, anayefugwa karibu na hapo na kusifiwa kote Ufaransa, angepotezwa na mvinyo mkali, lakini kwa Fleurie ladha yake hubaki.

Ya tatu ni Beaujolais-Villages, inayotoka katika vijiji 38, na kwa matumizi ya kila siku ndiyo inayorudisha thamani ya fedha kuliko zote. Inywe na soseji kavu za nguruwe za Lyon, na pate (nyama au maini yaliyosagwa), au na jibini laini la Saint-Marcellin. Asiyekula nguruwe hatapungukiwa na kitu akiiweka pamoja na kuku wa kuchoma na saladi ya dengu.

Moulin-à-Vent wengi wangeiweka juu kabisa, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko kru zote. Nimeiweka ya nne kwa sababu moja: inahitaji subira. Ikinywewa changa huwa imejifunga, harufu na ladha yake hazijajitokeza, na mnunuzi anayetaka chupa ya leo jioni atakuwa amelipia kitu ambacho bado hajakipata. Mwenye mahali pa kuihifadhi penye giza na ubaridi ainunue bila wasiwasi, aitunze, kisha ainywe na nyama ya ng'ombe.

Beaujolais ya kawaida, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kusini kwenye udongo wa mfinyanzi na chokaa, ni ya tano. Ni nyepesi na haina makuu. Ya mwisho ni Beaujolais Nouveau, itolewayo Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Hiyo ni ya kushangilia mavuno, na ubichi wake ndio uzuri wake, hivyo ukiikuta rafuni mwezi wa Agosti unaofuata, iache.

Chupa yoyote utakayochagua, iweke kwenye friji kabla ya chakula hadi ifikie nyuzijoto 13 au 14. Ikinywewa na joto la chumba, kileo hutangulia na tunda hufifia.