Ukishindwa kura za mchujo: ubaki chamani au utoke kivyako?

Mchujo wa chama cha Republican wa kumpata mgombea urais wa 1980 nchini Marekani ulitoa majibu mawili.

John Anderson alitoka Aprili, akawa mgombea binafsi. Kabla ya majukwaa kulikuwa na makaratasi: kila jimbo lina idadi yake ya saini za wapiga kura na siku yake ya mwisho. Ohio ilifunga Machi 20, hata hajatangaza nia. Alienda mahakamani, akaruhusiwa kupigiwa kura huko, na Mahakama ya Juu ikampa haki mwaka 1983, uchaguzi ukiwa umeshapita! Alipata asilimia 6.6 ya kura, lakini zilikuwa zimetawanyika, na karibu kila jimbo anayeongoza huzoa wajumbe wote wanaomchagua rais. Akaambulia sifuri. Kwa kuvuka asilimia 5, angalau alipata fedha za serikali baada ya uchaguzi.

George H. W. Bush alijitoa Mei. Alikuwa ameubeza mpango wa uchumi wa Ronald Reagan, aliyeshinda mchujo huo, akameza maneno yake, akawa mgombea mwenza, makamu, na mwaka 1988 akachaguliwa rais. Ila kiti cha mwenza ni kimoja tu.

Kutoka kuna maana iwapo wafuasi wako wamerundikana majimbo machache. Na siku hizi majimbo mengi yana sheria za kumzuia aliyeshindwa mchujo asirudi kwa mlango mwingine.